Alama za Sayansi Zinapodanganya: Kutafuta Kasoro Kwenye Mtihani na Majaribio ya Shule ya Msingi

Karatasi zimesahihishwa, alama zimejumlishwa, na kuna kitu hakikai sawa. Darasa karibu zima limekosa swali la nane. Mtoto anayeuliza maswali mazuri kuliko wenzake amepata nusu. Wengine wamepata mia, lakini ukiwawekea betri na balbu mezani hawajui waanzie wapi. Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyefika hapo, au mzazi anayemsomesha mwanawe nyumbani, na anataka kujua kasoro iko upande gani.

Anza na kile ambacho ni rahisi kukikagua. Kupitia mwongozo wa kusahihisha ni kazi ya dakika chache, na kulisoma swali upya hakuchukui muda mrefu zaidi. Vifaa vinafuata, kisha namna somo lilivyofundishwa. Akili ya mtoto ni ya mwisho kabisa kwenye foleni, ingawa ndiyo ambayo wengi hukimbilia kuilaumu kwanza.

Dalili: karibu darasa zima limekosa swali moja

Kama ni swali la kuchagua, usitazame nani kakosa, tazama wamekosaje. Hesabu waliochagua A, B, C na D, kisha uangalie umbo la majibu.

Majibu yakiwa yametawanyika karibu sawa katika herufi zote nne, watoto wamekisia. Mwite mmoja, msomee swali kwa sauti, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake linauliza nini. Akieleza jambo jingine kabisa, swali limeandikwa vibaya. Akilieleza sawasawa halafu akanyamaza, mada haikumfikia.

Majibu yakiwa yamerundikana kwenye herufi moja isiyo sahihi, na hata wale hodari wamo, fungua kwanza mwongozo wa kusahihisha. Herufi iliyonakiliwa vibaya ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Ukikuta mwongozo uko sawa, basi umenasa dhana potofu, na hiyo ina faida kubwa kuliko alama zenyewe. Nitaifikia hapo chini.

Umbo la tatu ndilo la ajabu: wenye alama za juu wamelikosa, wa chini wamelipata. Hapo swali huwa na majibu mawili yanayoweza kutetewa. Uliza "Kipi si kitu hai?" na uweke mbegu kavu na jiwe katika orodha moja. Anayekariri atachukua jiwe bila kusita, anayefikiri atasimama kwenye mbegu. Au chukua swali maarufu la nyuzi joto ambazo maji huchemkia. Mwongozo unasema 100. Lakini kiwango hicho hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo mtoto aliyepima mwenyewe kwa kipimajoto mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari ataandika karibu 95. Ukimkata alama, umemfundisha asiamini kipimo alichokisoma kwa macho yake. Ongeza maneno "katika usawa wa bahari" na tatizo limekwisha.

Kuna hesabu ndogo ya kuthibitisha mashaka yako. Panga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Katika darasa la watoto 40, chukua karatasi 11 za juu na 11 za chini, yaani kama asilimia 27 kila upande. Chukua idadi ya waliolipata swali hilo upande wa juu, toa idadi ya waliolipata upande wa chini, kisha gawanya kwa 11. Wakiwa 9 juu na 3 chini, jibu ni 0.55, na hilo ni swali linalofanya kazi yake. Chini ya 0.2 swali ni dhaifu, na likiwa hasi, livue kwenye mtihani. Swali rahisi ambalo wote wamelipata litatoa sifuri bila kuwa na kosa lolote, kwa hiyo usiifanye namba hii kuwa hakimu peke yake.

Dalili: karatasini mia, mezani sifuri

Chanzo cha kwanza ni swali ambalo jibu lake liko daftarini neno kwa neno. "Taja mahitaji ya mbegu ili iote." Maji, hewa, joto. Mtoto kapata zote tatu, nawe hujui kama ameelewa hata moja.

Njia ya kukagua ni kubadilisha sura ya swali bila kubadilisha sayansi yake. Mbegu tatu za maharage: moja iko kwenye pamba yenye unyevu ndani ya kabati lenye giza, ya pili iko kwenye pamba kavu dirishani penye mwanga, ya tatu imezama chini ya gilasi iliyojaa maji yaliyochemshwa yakapoa na kufunikwa kwa tabaka la mafuta. Ipi itaota? Wengi waliopata tatu kwa tatu wataikataa ya kabatini, kwa sababu wamekariri pia kwamba "mimea huhitaji mwanga." Harage huota gizani bila shida, mwanga unahitajika baadaye, akiba iliyo ndani ya mbegu inapokwisha na mche unapotakiwa kujitengenezea chakula.

TIMSS, upimaji wa kimataifa wa hisabati na sayansi unaofanyika kila baada ya miaka minne tangu 1995, hugawa maswali yake katika makundi matatu: kujua, kutumia na kufikiri. Chukua karatasi yako na uandike pembeni mwa kila swali liko kundi gani. Kama maswali 35 kati ya 40 yanaanza na "Taja" au "Ni nini", umepima kumbukumbu.

Chanzo cha pili ni bahati. Katika maswali 40 yenye machaguo manne, anayekisia kwa kufumba macho hupata kama 10. Katika maswali 40 ya kweli au si kweli hupata kama 20, alama ambayo shule nyingi zingeiita ya kuridhisha. Dawa ni kuongeza mstari mmoja chini ya kila jibu: "Kwa nini?" Toa alama pale tu jibu na sababu vinapokubaliana. Usahihishaji utakuchosha zaidi, hilo halifichiki. Lakini punguza maswali yawe kumi, na hayo kumi yatakueleza mengi kuliko yale arobaini.

Dalili: kosa lile lile linarudi hata baada ya kufundisha

Kutojua na kuwa na dhana potofu ni mambo mawili tofauti, na yanatenganishwa kwa swali moja: "Una uhakika?" Asiyejua hubadilisha jibu hapo hapo. Mwenye dhana potofu hukupa sababu, na sababu zake huwa na mantiki. Ndiyo maana kumrudishia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi hakusaidii.

Mfano mkubwa ni kwamba mmea hula udongo. Mchunguzi Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa mti katika udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ukaongezeka kwa takriban kilo 74, udongo ukapungua gramu 57 hivi tu. Taarifa yake ilichapishwa 1648, baada ya kifo chake. Wape watoto namba hizo na uwaulize: kilo 74 zimetoka wapi? Atakayesema udongo hajaangalia namba. Atakayesema maji amefika alipofika van Helmont mwenyewe, na hapo pana kichekesho, kwa sababu sehemu iliyomponyoka ilikuwa hewani, katika gesi ile ile aliyoichunguza akichoma mkaa: kabonidayoksaidi. Mpe alama mtoto anayesema maji kisha akaongeza kuwa kuna kitu kingine hakijahesabiwa. Huyo anafikiri vizuri kuliko anayeandika "usanisinuru" na kuishia hapo.

Katika umeme, wengi huamini kwamba umeme hutoka betrini, huingia kwenye balbu na kuishia humo, kwa hiyo waya mmoja unatosha kuufikisha. Kishikio cha balbu huficha imani hiyo, kwa sababu chenyewe hukamilisha njia na mtoto hana haja ya kujua mguso wa pili wa balbu uko wapi. Kiondoe. Mpe betri moja, balbu moja na waya mmoja tu. Mwenye kuelewa atasimamisha kitako cha balbu juu ya ncha moja ya betri, kisha ataunganisha ubavu wa balbu na ncha ya pili kwa waya ule. Asiyeelewa ataufunga waya kati ya betri na kitako cha balbu na kulaumu betri.

Joto lina mtego wake. Watoto wengi hushikilia kwamba blanketi hutengeneza joto. Weka vipande viwili vya barafu vya ukubwa sawa, kimoja kizungushie blanketi, na uulize kipi kitayeyuka kwanza. Karibu wote watataja cha blanketi, kumbe cha wazi ndicho kitatangulia, kwa sababu blanketi huzuia joto la nje lisiingie. Mtego huo huo uko kwenye chuma na mbao vilivyolala usiku kucha katika chumba kimoja: mkono unasema chuma ni baridi zaidi, kipimajoto kinasema viko sawa, kwa sababu chuma huondoa joto mkononi haraka zaidi. Na matone yanayojitokeza nje ya gilasi ya maji baridi? "Yamevuja." Tia rangi katika maji ya gilasi, kisha pangusa matone kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kitabaki bila rangi.

Kuna dhana ambazo hazina jaribio la mezani. Ile ya kwamba kiangazi huja kwa sababu dunia imelisogelea jua inahitaji namba: dunia hulikaribia jua zaidi mapema Januari, kama kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mapema Julai, kama milioni 152. Waulize ni vipi basi nchi za kaskazini huwa na baridi kali mwezi Januari. Waache wahangaike kidogo kabla ya kutaja kuinama kwa mhimili wa dunia.

Katika yote haya utaratibu ni mmoja, na ukiupindua hakuna unachopima: mtoto atabiri kwanza kwa maandishi, kwa kalamu ya wino, kisha atazame, kisha aeleze. Akitazama kwanza, utashangaa jinsi kila mtu alivyokuwa "anajua tangu mwanzo."

Dalili: jaribio limegoma siku ya mtihani

Yafuatayo ndiyo huharibika mara kwa mara.

- Balbu haiwaki. Jaribu betri kwa balbu unayojua ni nzima, kisha balbu kwa betri mpya, kisha kwangua ncha za waya. Soma pia volti zilizoandikwa kwenye balbu: ya volti 3 juu ya betri moja ya volti 1.5 itatoa wekundu hafifu tu.
- Sumaku imepoteza nguvu. Kuangushwa na kupashwa joto huidhoofisha. Zihifadhi mbili mbili, ncha zisizofanana zikiwa pamoja.
- Jani halikugeuka rangi kwa iodini, dawa inayoonyesha wanga kwa rangi ya bluu nyeusi. Pengine ukijani haukuondolewa kwa spiriti ya moto. Spiriti ipashwe ndani ya chombo cha maji ya moto, kamwe isiwe juu ya mwali, kwani huwaka kirahisi. Kazi hii ni ya mwalimu. Ikiwa hata sehemu ya jani iliyofunikwa isipate mwanga imegeuka bluu nyeusi, mmea haukukaa gizani vya kutosha. Unahitaji saa 24 hadi 48.
- Mbegu hazikuota. Mara nyingi zimekosa hewa kwa kuzamishwa majini. Tumia kumi, si moja, na uanze siku kadhaa kabla.
- Yai halielei kwenye maji ya chumvi. Chumvi ni kidogo: gilasi ya mililita 250 huhitaji vijiko viwili hadi vitatu vya mezani. Likielea hata kwenye maji matupu, ni la zamani.

Jaribio likigoma, usiwakate alama wanaosema limegoma. Mtoto aliyeandika "balbu haikuwaka" wakati haikuwaka ametazama. Aliyeandika "iliwaka" kwa sababu ndivyo daftari linavyosema ndiye mwenye tatizo la kisayansi, tena kubwa kuliko la balbu.

Dalili: matokeo ni mazuri, lakini maelezo kwenye mwongozo ndiyo mabovu

Hii ni kasoro ya upande wa mwalimu, na ina mfano mmoja ulioenea mno: mshumaa uliosimama ndani ya sahani ya maji, ukafunikwa kwa gilasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya gilasi. Miongozo mingi hudai yamepanda sehemu moja ya tano kwa sababu oksijeni, ambayo ni kama asilimia 21 ya hewa, imeisha yote.

Haijaisha. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado karibu asilimia 16. Tena kuungua huzalisha kabonidayoksaidi na mvuke, ambavyo navyo huchukua nafasi. Kinachopandisha maji kwa sehemu kubwa ni joto: mwali hupasha hewa, hewa hutanuka na sehemu yake hutoroka, kisha mwali ukizimika iliyobaki hupoa na kusinyaa, na hewa ya nje huyasukuma maji ndani. Ushahidi uko mbele ya macho. Viputo huonekana kwenye ukingo wa gilasi wakati wa kuifunika, na maji hupanda kwa kasi baada ya mwali kufa, wala si kidogo kidogo wakati unawaka. Weka mishumaa mitatu badala ya mmoja na maji yatapanda zaidi, ingawa oksijeni iliyomo kwenye gilasi ni ile ile.

Mtoto mwenye macho makali ataliona hilo, ataliandika, na mwongozo utamkata. Andika mwongozo upya: alama kwa kutaja viputo, alama kwa kutaja wakati maji yalipopanda, alama kwa kuhusisha joto. "Mwako huhitaji oksijeni" ibaki kama hoja ya kuzimika kwa mshumaa tu.

Dalili: anafanya vizuri, anaandika vibaya

Mwache achore, au asimulie, kisha linganisha na alichoandika. Maelezo ya mdomo yakiwa mazuri, tatizo ni la lugha: mpe jedwali lenye vichwa vilivyokwisha kuandikwa, fupisha sentensi za maswali, na usiadhibu tahajia katika somo la sayansi. Angalia pia kama anachanganya alichoona na anachodhani. "Niliona oksijeni imeisha" si uchunguzi, maana oksijeni haionekani. Alichoona ni mwali kuzimika.

Dalili: anabadilisha mambo mawili kwa mpigo

Jiwe lililofungwa kwenye uzi na kuning'inizwa linatosha kupima hili. Mwambie achunguze kama uzito wa jiwe unabadilisha muda wa kuyumba, kisha kaa kimya umtazame. Je, anauacha uzi kwa urefu ule ule? Je, analivuta jiwe kidogo, kwa kiasi kile kile kila mara?

Majibu unayoyatarajia yanajulikana: kwa uzi wa sentimita 25, myumbo kumi ya kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 10, kwa mita moja, kama sekunde 20. Uzito haubadilishi kitu. Mtoto akikuletea sekunde 9, huenda alianza kuhesabu kwa kusema "moja" alipoliachia jiwe badala ya "sifuri". Akisema jiwe kubwa huyumba polepole zaidi, pima uzi wake upya: urefu huhesabiwa hadi katikati ya jiwe, na jiwe kubwa katikati yake iko chini zaidi. Hapo hana dhana potofu, ana kosa la kupima, na ukimwonyesha atalirekebisha mwenyewe.

Dalili: kikundi kizima kina alama moja

Mmoja alifanya, wengine walishika karatasi. Kila mtoto aandike utabiri wake kabla ya kugusa vifaa, zamu zibadilike, na mwishoni muulize kila mmoja swali moja peke yake.

Dalili: wasahihishaji wawili, alama mbili

Chukueni karatasi kumi zile zile, msahihishe kila mtu kwake bila kuonyeshana, kisha mlinganishe. Mnapotofautiana ndipo mwongozo ulipo na pengo. Lizibeni kwa mifano ya majibu halisi ya watoto, linalostahili alama mbili, moja, na sifuri.

Swali limethibitika bovu: alama zifanyweje?

Livue kwa wote na uhesabu asilimia upya kwa maswali yaliyobaki. Kuwagawia wote alama ya bure hakubadilishi mpangilio wa nani ni wa ngapi, lakini hupandisha asilimia za kila mtu, na za wa chini zaidi kuliko za wengine. Waambie watoto kwa nini limevuliwa. Wanastahili kujua kwamba hata mtihani hukaguliwa.

Halafu usilitupe. Liandike daftarini pamoja na hesabu ya waliochagua kila herufi. Kipotoshi, yaani chaguo lisilo sahihi, ambacho hakuna hata mmoja aliyekichagua hakina kazi, mahali pake weka jibu lisilo sahihi ulilolikuta kwenye sehemu ya "Kwa nini?", kwa maneno ya mtoto mwenyewe bila kuyanyoosha.